Bati Haligongwi Msibani

Benchi la Kibeta ni ubao wa sanduku la risasi, uliookotwa vita vilipokwisha, ukalazwa juu ya mawe mawili mbele ya duka la marehemu Dhirubhai. Duka lenyewe lilifungwa siku nyingi. Wenyewe walihama, likabaki baraza la saruji na kufuli lenye kutu. Barazani kulikuwa na cherehani ya Rwegasira, na kando ya cherehani jiko la mkaa la Mustapha, birika lake la kahawa, na vikombe vyake visivyo na mikono. Ukitaka kujua sukari ya magendo imefika bei gani, nani kafa, nani yuko njiani, na meli imekwama wapi, njoo hapo. Ukitaka kazi ifanyike, waitu, ndugu yangu, nenda kwingine. Rwegasira alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana alishinda hapo kila siku ya Mungu. Na bado, Jumamosi ile ya mwaka themanini na saba, alibeba mabati yake kutoka nyumbani akayapeleka hapohapo. Mtu akizidiwa hufanya mambo ya ajabu.

Na alikuwa amezidiwa kweli. Dada yake Kokugonza alikuwa anarudi siku hiyo kutoka Muleba, jioni, kwa pikapu ya mizigo. Mume wake alikufa mwaka uliopita. Wakwe walimvumilia kwa muda, lakini alipoanza kukonda na yeye, wakatuma ujumbe: njooni mumchukue mtu wenu. Ugonjwa wenyewe wengine waliuita Ukimwi, kama redio ilivyosema, na wengine bado waliuita Juliana, kwa jina la vile vitambaa vya magendo vya kutoka Uganda. Immakulata, mke wa Rwegasira, hakuuita jina lolote. Alisema tu, "Siku huyo atakayolala ndani ya nyumba hii, mimi na watoto tutalala kwetu Kashozi." Na Immakulata hakuwa mtu wa vitisho, akisema, amesema. Basi Rwegasira akaamua kujenga chumba cha bati nyuma ya jiko, mle kwenye migomba. Aliwaambia watu kwamba mgonjwa anahitaji utulivu. Alijiambia hivyo na yeye mwenyewe, mpaka karibu aamini. Mirunda ilishasimikwa. Yalibaki mabati tu, kuyakata na kuyapigilia, kabla pikapu haijafika.

Hamidi, fundi wa mabati, alipoelezwa chumba ni cha nani, alikumbuka ghafla kwamba mgongo unamuuma. Ndiyo maana fundi cherehani alikuwa amepiga magoti barazani, ana mkasi wa bati aliouazima kwa Harshad wa mjini, chaki sikioni, na utepe wa kupimia viuno vya watu umening'inia shingoni.

– Nishikieni huku, – alisema. – Mmoja tu. Aweke mguu kwenye hiyo ncha, nikate.

Watatu walikuwa benchini. Hakuna aliyeinuka.

– Nyundo hiyo ni ya nini? – aliuliza Katekista.

Katekista jina lake halisi ni Rweyemamu. Aliwahi kufundisha dini huko Kashozi, mpaka paroko alipochoshwa na methali zake.

– Nyundo ni ya kugongea, Katekista. Ulidhani ni ya kukorogea uji?

– Basi leo hugongi. Kijana wa Mama Benigna bado hajazikwa. Mtu akiwa bado yuko ndani, jembe haligusi udongo na chuma hakigongwi. Ndivyo tulivyokuta.

– Najua tulivyokuta! – Rwegasira alipandisha sauti. – Jumatano nilinyanyua nyundo, mkaniambia bibi wa Kagondo hajazikwa. Jana nimenyanyua, mwalimu naye kalala ndani. Leo ni huyu kijana. Nikingoja siku isiyo na msiba Kibeta hii, nitagonga lini? Nieleze wewe uliyesoma katekisimu.

– Usipoziba ufa utajenga ukuta, – alisema Katekista kwa upole.

– Sasa ndicho ninachofanya! Najenga ukuta!

– Ndiyo. Kwa sababu hukuziba ufa.

Rwegasira aliisukuma nyundo kando. Alieleza kwamba ndiyo maana hasa amekuja na mabati barabarani: huku si kwenye vibanja vya migomba ya watu, huku ni baraza la duka, tena duka la Mhindi, na msiba uko kule bondeni.

– Msiba hauna mpaka, – alisema Katekista.

– Mpaka upo, – alidakia Kanali. – Kila kitu kina mpaka. Mpaka ni ule mtaro.

Kanali ni Apolinary. Alikwenda Uganda na mgambo mwaka sabini na tisa, akarudi na kofia moja na cheo alichojipa mwenyewe njiani.

– Si mtaro, – alisema mtu wa tatu, Redio. – Mpaka ni sauti. Sauti ikiwafikia wafiwa, umegonga msibani. Na kisayansi sauti ya chuma hupita chini kwa chini. Ukigonga hapa, Mama Benigna anaisikia kwenye nyayo.

Redio ni Ildefons. Kutwa yuko na kiredio begani, betri zake anazianika juani zipate nguvu. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, akipima kahawa za watu. Siku hizi anapima maneno, na mizani yake imeharibika.

– Na mimi je? – aliuliza Mustapha, akigonganisha vikombe viwili kama anavyofanya siku zote kuita wateja. – Nisigonge vikombe?

– Hivyo ni udongo, – alisema Katekista. – Udongo kwa udongo haina neno. Chuma kwa chuma ndiyo shida.

– Na mkasi?

Wote wakaukodolea mkasi macho. Mustapha aliwamiminia tena. Rwegasira alikaa juu ya visigino vyake akisubiri hukumu, hasira zimemjaa, maana jua lilikuwa linapanda na hakuna hata ukingo mmoja uliokatwa.

– Mkasi, – alisema Katekista hatimaye, – haugongi. Mkasi unatafuna. Kutafuna kunaruhusiwa, hata kwenye matanga watu wanatafuna. Kata. Lakini misumari utapiga wakisharudi makaburini.

– Asante, baba askofu, – alisema Rwegasira. – Nani ananishikia?

Hakuna aliyeinuka.

Basi akaanza peke yake. Mabati yalikuwa bapa, ya zamani, Harshad alimpa pamoja na mkasi kwa sababu yalikuwa yanajaza uwani kwake. Rwegasira alichora mstari kwa chaki. Alipima, akapima tena. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi wa mabati hawezi kulifanya hata akiwa amelewa rubisi. Alitaka kuta mbili zinazolingana. Kwa nguo, unakunja kitambaa mara mbili, unakata mara moja, unapata mikono miwili ya shati sawasawa. Akalikunja bati.

– Unafanya nini? – aliuliza Kanali.

– Najua ninachofanya. Hata joho la paroko nililikata hivi.

– Samaki mkunje angali mbichi! – alisema Katekista kwa furaha. – Leo umefanya cha maana.

Rwegasira alilikandamiza kwa goti. Bati likalia, likakubali, likalala. Alikata tabaka mbili kwa pamoja, ameuma meno, mishipa ya shingo imesimama, mkasi unapita kwa shida. Alipomaliza, alilikunjua. Halikukunjuka. Pale kwenye mkunjo palikuwa pameingia ufa wa kidole kizima, na upande wa chini ulikuwa umesogea wakati wa kukata, ukatoka umepinda.

– Bati si kitenge, – alisema Redio.

– Ungesema mapema!

– Nilidhani unajua. Umesema unajua.

– Sisi vitani, – alisema Kanali, – hatukuwa na mkasi. Tulikata kwa singe. Gari zima, lori, tulilikata milango, paa, kila kitu, kwa singe moja. Unachoma hapa, unavuta, kama embe.

– Wewe vitani si ulikuwa unapika maharage? – aliuliza Mustapha.

– Na sufuria tulizitoa wapi? Unadhani tulipewa? Tulizikata wenyewe kwenye malori!

– Wajapani wanakata chuma kwa maji, – alisema Redio.

Katekista alishusha kikombe.

– Kwa kitu gani?

– Kwa maji. Nimesikia mwenyewe. Maji yanatoka kwenye tundu dogo, yanapita kwenye chuma kama uzi kwenye jibini.

– Umewahi kuona jibini, wewe? – Katekista alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. – Maji yakate chuma! Basi ziwa lote hili lingekuwa limeshaikata meli!

– Nileteeni hayo maji, – alisema Rwegasira, akilivuta bati la pili. – Nileteeni na singe. Nileteeni chochote. Au mmoja wenu ainuke anikanyagie ncha hii, ni jambo dogo, Mungu wangu, nimewaomba kukanyaga tu!

Hapo Kanali aliinuka. Alivaa kofia yake vizuri, akaja, akakanyaga. Rwegasira aliingiza mkasi, safari hii tabaka moja. Kazi ilikwenda vizuri mpaka katikati, ndipo Kanali alipoona mtu anapita barabarani akageuka kumwamkia, mguu ukaondoka kwenye bati. Bati likaruka. Ukingo uliokatwa ukapita kwenye kidole gumba cha Rwegasira.

Damu ilitoka nyingi. Ilidondoka kwenye bati, tone juu ya tone.

Kanali alishavua kitambaa cha shingoni amfunge. Akapiga hatua moja, kisha akasimama. Alikiangalia kitambaa, akaiangalia damu. Benchini, Redio alijisogeza mpaka mwisho wa ubao, na Katekista akamfuata.

– Nini? – aliuliza Rwegasira.

– Hapana, kitu kidogo tu, – alisema Kanali. – Wewe… ulishaonana na dada yako?

– Sijamwona tangu Krismasi!

– Krismasi mlikula pamoja?

– Nina kidole kimekatwa! Kimekatwa na bati, kwa sababu wewe umeondoa mguu! Sina ugonjwa mimi!

– Hakuna aliyesema, – alisema Redio kutoka mbali.

Mustapha ndiye aliyemrushia kitambaa, na Rwegasira akakifunga mwenyewe kwa meno na mkono mmoja. Ilimuuma. Lakini kilichomuuma zaidi ni ule ubao, nusu yake umebaki mtupu, na watu wazima watatu wanamwangalia kama wanaangalia mbwa asiyemjua mtu. Watu hawa amewashonea suruali za harusi zao! Alijisemea moyoni kwamba wajinga hawana dawa, akarudi kwenye kazi.

Mchana ulipokaribia, alikuwa na vipande vinne. Kimoja kirefu, kimoja kifupi, kimoja chenye ufa, kimoja kizuri chenye damu. Alivipanga juu ya saruji, akaanza kufikiria namna ya kuvifunga kwenye mirunda.

– Misumari ipige kwenye mgongo wa bati, – alisema Redio, akizungumzia mabati ya paa yenye migongo yaliyokuwa yameegeshwa ukutani. – Maji yanapita bondeni. Ukipiga bondeni, kila msumari ni bomba.

– Bondeni! – alisema Kanali. – Bondeni ndipo bati linapogusa mti. Ukipiga mgongoni unapiga hewa. Upepo wa ziwa ukija, paa lako utalifuata Uganda.

– Mgongoni, na unaweka kipande cha mpira chini ya kofia ya msumari. Kandambili kuukuu inatosha.

– Bondeni, na unaweka lami.

– Jamani, – alisema Rwegasira, – hilo ni paa. Mimi nauliza kuta. Vipande hivi viwili vinakutana hapa kwenye pembe. Naviungaje?

– Chovya chovya humaliza buyu la asali, – alisema Katekista.

– Nyamaza, Katekista. Nakusihi.

– Namaanisha usitoboe toboe. Kila tundu ni hasara.

Na hapo, ole wao, Redio alikamata neno "tundu" na hakuliacha tena.

– Katekista amesema kitu bila kujua, – alisema akiinamia mbele. – Tundu ndilo la kuogopa. Ugonjwa huu haujulikani unapitaje. Wanasema hivi, wanasema vile. Mimi nasema ni hewa. Usiku mgonjwa anapumua, hewa inatafuta pa kutokea. Ukiacha tundu za misumari, inatoka, inaingia kwenye migomba, inaingia kwenye ndizi. Nani atakula ndizi hizo? Watoto wako.

– Redio yenyewe imesema si hewa! – alisema Mustapha. – Imesema hata kula pamoja hakuna neno. Umetusikilizisha wewe mwenyewe, kwenye hicho kiredio chako!

– Ile ilikuwa betri imeisha. Sikuisikia yote.

– Si hewa, ni madini, – alisema Kanali. – Mabati haya ya zamani yana zinki. Zinki inavuta. Kule Uganda tuliona: nyumba za bati walikufa wengi, nyumba za nyasi wachache.

– Basi asijenge kwa bati!

– Ajenge, lakini apindue. Upande wenye zinki uwe nje.

– Bati lina zinki pande zote mbili, Kanali.

– Basi apindue mara mbili.

Rwegasira hakujua acheke au alie. Alishika kichwa kwa mkono ulio mzima.

– Mimi suluhisho ninalo, – alisema Katekista, amesimama kabisa sasa, kikombe mkononi. – Msumari usipige hata mmoja. Kwanza hutavunja msiba. Pili hutakuwa na tundu. Kunja! Wewe ni fundi cherehani, piga pindo. Ukingo wa bati hili uingie kwenye ukingo wa bati lile, ukandamize kwa jiwe lililofungwa kitambaa, kimyakimya. Pembe zote nne. Kisha paa nalo unalikunjia kwenye kuta, kuzunguka pande zote. Kitu kizima, hakina tundu hata la sisimizi.

– Na chini? – aliuliza Redio, macho yamemtoka kwa furaha.

– Chini nako bati.

– Hapo sasa! Hapo umemaliza!

– Na mlango? – aliuliza Rwegasira.

– Mlango nao ni tundu, – alisema Redio taratibu, kama mtu anayetoa habari mbaya.

– Ataingilia wapi?

– Anaingia kwanza, – alisema Kanali. – Halafu ndiyo unakunja.

Rwegasira aliutupa mkasi chini. Ulilia kwenye vipande vya bati, chuma juu ya chuma, na Katekista akaruka akaangalia bondeni kwa wafiwa.

– Mnasikia mnachosema? – Rwegasira alifoka mpaka mama mmoja aliyekuwa anapita na kikapu akasimama. – Mnasikia masikio yenu? Hicho si chumba, hicho ni kopo la samaki! Nimekuja hapa asubuhi na jambo moja, moja tu, mtu aje ashike upande wa pili. Kutwa nzima mmekunywa, mmesema, mmenikata kidole, na sasa mnataka nimfungie dada yangu kwenye kopo! Hamna aibu? Anafika jioni hii! Nimwambie alale wapi? Kwenye methali?

Kwa mara ya kwanza waliona haya kidogo, na Kanali akavua kofia. Mustapha alimpelekea Rwegasira kikombe palepale alipokuwa. Rwegasira alikipokea, akanywa. Alijiona ndiye mtu pekee mwenye huruma na akili katika Kibeta nzima.

Ndipo pikapu iliposimama.

Ilikuwa bado mchana. Dereva aliondoka Muleba mapema kwa sababu na yeye alitakiwa kwenye mazishi ya kijana wa Mama Benigna, ni watoto wa mtu na ndugu yake. Juu ya magunia ya mkaa alikaa mwanamke amejifunga kitenge, mwembamba sana, furushi mapajani. Alishuka polepole, akishika chuma cha pikapu kwa mikono miwili. Hawakumtambua mpaka alipocheka.

– Waitu, mwasibota! – aliwaamkia Kokugonza. – Jamani, kumbe Kibeta siku hizi watu wanafanya kazi? Nimeota au ni kweli?

Walicheka wote, kwa nguvu kuliko kichekesho chenyewe. Walimpokea kwa maneno: pole na safari, karibu nyumbani, habari za Muleba. Hakumpa mtu mkono. Alisimama mbali kidogo, hatua ya mtu aliyezoeshwa kusimama hapo, na Rwegasira akaiona hatua hiyo ikamchoma.

– Umewahi, – alisema.

– Dereva ana msiba. Kaka, kidole kimefanya nini?

– Bati.

– Pole. – Aliyaangalia mabati yaliyopangwa kwenye saruji, alama za chaki, kamba, misumari kwenye kopo. – Unajenga nini?

Mustapha aliinama kusuuza vikombe vilivyokuwa safi. Redio alianza kuzungusha kitufe cha redio iliyokuwa imezimwa.

– Ah, – alisema Rwegasira. – Ni… kitu kidogo. Pale nyuma ya jiko.

– Stoo? – aliuliza Kokugonza. – Ya kahawa?

– Ndiyo. – Neno lilimtoka kabla hajalitafuta. – Stoo. Ya kahawa.

Uso wa Kokugonza ulifunguka. Ghafla akawa yule msichana aliyekuwa anakwea mibuni na wavulana.

– Afadhali, kaka! Njia nzima nilikuwa nawaza. Nilisikia chumba cha marehemu Ma umekijaza magunia mpaka darini, nikajiuliza, sasa mimi nitalala wapi, nitamsumbua Immakulata na watoto. Kumbe umeshanifikiria. Magunia yanakuja kwenye bati, mimi naingia kwa Ma. Mungu akubariki.

Chumba kile kilikuwepo siku zote, na dirisha lake, na kitanda cha mama yao nyuma ya magunia, na Rwegasira kila asubuhi alipita mbele ya mlango wake akienda kupima mirunda. Ilikuwa rahisi hivyo. Aseme ndiyo tu, abebe furushi, na Immakulata watamalizana jioni. Mke ataondoka, au atabaki, lakini watamalizana. Alikuwa ameshanyoosha mkono kulichukua furushi.

– Kahawa kwenye bati? – alisema Redio.

Masikini, hakukusudia. Asubuhi nzima alikuwa amesema asiyoyajua, na sasa ghafla limekuja jambo analolijua, jambo alilolifanyia kazi miaka yote ile ya mizani. Hakuweza kujizuia.

– Rwegasira, usithubutu! Mimi nimepokea kahawa za watu, nakuambia. Mchana bati linaungua, usiku linatoa jasho, jasho linadondokea magunia. Mwezi hauishi, yote ukungu mtupu. Kahawa inataka hewa! Humo huwezi kuweka kitu kikapona, hata kiwe…

Kanali alimkanyaga mguu. Safari hii hakuuondoa. Lakini alichelewa.

Kokugonza aliacha kucheka. Alimwangalia Redio, akayaangalia tena mabati, kipande kirefu, kipande kifupi, kile chenye ufa, kile chenye damu. Macho yake yalivipima urefu na upana pale chini. Kisha akamgeukia kaka yake.

– Basi kama hata kahawa inaharibika humo, – aliuliza, bila hasira, taratibu, kama anayetaka kuelewa, – mnamjengea nani?

Kanali alishika kofia. Redio alikuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kimegusa kiredio. Katekista alifungua mdomo, akatafuta katika methali zote anazozijua, akaufunga. Mustapha aliinua birika amkaribishe mgeni, lakini lilitoa machicha tu, akalirudisha jikoni.

Kokugonza alikaa kwenye ncha ya benchi, furushi magotini, akasubiri ajibiwe.

Rwegasira aliangalia huku na huku. Tangu asubuhi alikuwa amemfokea kila mtu. Sasa alitafuta wa kumfokea, hakumpata.